Soketi Nyuma ya Pikapu ya Dada

Mtaani kwetu, umeme ukisikia jina langu husimama wima kama mwanafunzi aliyechelewa. Kwa hiyo dada alipotaka soketi nyuma ya pikapu yake, nilimwambia, "Usihangaike kutafuta fundi. Fundi ndiye huyu unayemlisha."

Dada ni seremala. Wiki hiyo alikuwa anafunga milango kwenye wodi mpya ya wazazi. Kule kulikuwa na taa za sola tu, hazina nguvu ya kuendesha msumeno wa umeme. Kesho yake jioni kina mama wangehamia, na vyumba bado havikuwa na milango. Ndipo akanunua inveta, kile kisanduku kinachogeuza umeme wa betri ya gari uwe kama wa nyumbani.

Inveta niliiweka nyuma kabisa, kwenye bodi ya mizigo. Kutoka kwenye betri nikavuta waya wa spika ya redio yetu mbovu, nikaupitisha chini ya kiti hadi kwenye inveta.

"Mume wangu," bibi akaniita kutoka barazani, "mbona huo waya mwembamba hivyo? Unafunga kuku?"

"Bibi, umeme hauhitaji barabara kuu."

Dada akawasha msumeno. Ukakoroma mara moja, ukanyamaza. Harufu ya plastiki ikatupiga puani. Kisha moshi ukatoka chini ya kiti.

"Gari langu!" dada akapiga yowe. "Na milango ya watu!"

Shangazi, fundi umeme wa magari, anakaa nyumba ya pili. Alikuja mbio na glavu zake, akainua boneti, akaung'oa waya kwenye betri. Moshi ukakatika. Tukapumua.

"Nani kafanya haya?"

"Profesa wako," dada akasema.

"Haya, profesa, fyuzi iko wapi?"

"Fyuzi ya nini, shangazi?"

"Ile inayokubali kufa ili gari lisiungue! Tena sikiliza, mwanangu. Inveta inavuta umeme mwingi sana kwenye betri. Waya mwembamba hauwezi, unawaka. Upande wa betri waya uwe mnene, tena mfupi."

Kwanza alifungua waya wa hasi wa betri, ndipo akaanza kazi, giza likiingia. Inveta akaihamishia ndani, nyuma ya kiti, karibu na betri kuliko kule bodi, mahali penye hewa na pasipofikiwa na mvua. Akavuta waya mnene, na fyuzi akaifunga karibu kabisa na chanya ya betri. Kila tundu la bati alilivisha mpira, bati lisikate waya.

"Sasa safari ndefu mpe huyu," akasema, akivuta kebo ya nyuzi tatu kutoka kwenye inveta hadi nyuma. Aliipitisha ndani ya bomba, mbali na joto la ekzosi, bomba la moshi. Akafunga swichi inayokata umeme ukivuja, halafu soketi yenye kifuniko cha mvua.

"Umeme wa soketi hii unaua kama ule wa ukutani," akatuonya. "Na kabla ya kuchomeka kifaa, soma wati zake. Zikizidi za inveta, acha. Ukifanya kazi, injini iwake, lakini gari likae nje, si ndani ya banda. Moshi wake ni sumu."

Dada akawasha msumeno. Ukaimba. Shangazi akagusa kebo.

"Baridi!"

Dada alimkumbatia mpaka glavu zikadondoka.

Kesho yake jioni mlango wa mwisho ulikaa sawa. Mama wa kwanza akaingia na tumbo lake, akageuka, akatufungia mlango usoni. Sijawahi kufurahi hivyo kufungiwa mlango.

Muuguzi alikuja kuitazama pikapu. "Nani kafunga soketi safi hivi?"

Nikakohoa kidogo. "Ah, kwa sehemu kubwa ni mimi."

Kioo cha pikapu kikashuka. Nilikuwa nimesahau kabisa kwamba bibi amekuja nasi.

"Kweli, mume wangu," akasema. "Ulishika tochi. Ukammulika shangazi yako machoni."