Walisema Mtoto wa Kulea Hufunga Tumbo

Nina miaka arobaini na moja, naishi Matiri, Mbinga, na mume wangu Kosmas. Tunalima kahawa na mahindi. Sina mtoto. Nilikuwa naye mmoja, na nitawaeleza alivyoondoka, maana sitaki mwanamke mwingine apate niliyoyapata mimi.

Eda ni mtoto wa marehemu mdogo wangu. Alikuja kwangu hajaota hata meno, kwa kuwa baba yake, mtu wa Mbamba Bay kule ziwani, hakujua pa kuanzia na kichanga. Nikamlea. Aliniita mama. Lakini tumbo langu lilikuwa halijashika mimba, na watu hawakosi la kusema... Tukaenda Dar es Salaam nikapandikizwe mimba. Mara ya kwanza ikashindikana. Ya pili nayo ikashindikana!

Ndugu zangu, mtu aliyeshindwa mara mbili huuziwa chochote. Nilichomwa sindano nyembamba za Kichina mpaka masikioni. Bibi mmoja alinikanda tumbo nikashindwa kuketi. Nilikunywa unga wa mizizi, mchungu kama kwinini. Hata kliniki walikuwa na vyao vya kuongezea: dripu, vidonge, kukwaruza mji wa mimba. Daktari mwenyewe alikiri hana hakika kama vinasaidia. Nikasema niwekeeni vyote. Ningekataa nini?

Pale Kitai kulikuwa na mama mmoja muuza tiba lishe, mtu wa maneno laini. Alitusikiliza, kisha akasema tatizo ni Eda. Eti mwili wangu umeshajiona una mtoto, ndiyo maana unakataa mwingine. Aondoke kwanza. Nilicheka njia nzima mpaka nyumbani. Kosmas hakucheka.

Nilipokwenda Dar mara ya tatu nilimwacha Eda na Kosmas. Nilirudi nimeshapandikizwa, natembea taratibu kama nimebeba mayai, nikakuta kitanda cha mtoto hakina godoro. Kosmas alikuwa amempeleka ziwani kwa baba yake, ambaye sasa alikuwa ameoa.

"Usilie," aliniambia. "Ukilia utaiharibu."

Nami sikulia... Mnanielewa? Nilimeza! Nilijiambia ni muda mfupi tu, mimba ikishika nitamfuata aje acheze na mdogo wake. Damu ikatoka. Kosmas akasema tujaribu tena, Eda abaki hukohuko kwanza. Nikakubali. Ya nne nayo ikaharibika, na safari hiyo daktari akaniambia basi, mayai yangu yamechoka. Nikamuuliza kama ni kweli mtoto wa kulea hufunga tumbo. Akasema jambo hilo halipo kabisa.

Nilishuka Mbamba Bay peke yangu. Nilimkuta Eda na mama yake wa kambo wakianika dagaa juu ya kichanja, wanaongea Kinyasa. Alikuwa amerefuka. Nilimwita. Akafuta mikono kwenye gauni, akaja, akapiga goti.

"Shikamoo, mama mkubwa."

Ni kweli, mimi ni mama yake mkubwa. Amefundishwa vizuri na yule mwanamke, na sina ubaya naye, maana alimpokea mtoto ambaye kwangu alifukuzwa. Nilimwambia Eda nimekuja kumchukua twende nyumbani. Akarudi nyuma, akashika kanga ya mama yake.

"Baba Kosmas alisema niondoke ili upate mtoto wako," alisema. "Umempata?"

Nikamjibu hapana. Akanipa pole kama mtu mzima, akarudi kwenye dagaa wake.

Baba yake hakutaka ahamishwe tena, nikarudi Matiri peke yangu. Kosmas bado ananiletea majina ya dawa anazosikia huko kwa watu. Namsikiliza mpaka amalize, kisha naenda shambani. Naomba lakini sijui tena naomba nini...

Dada zangu, na ninyi waume zao, tibiweni kama mnaweza, sikatazi. Ila mtu akiwaletea cha kuongezea, muulizeni kwanza daktari wenu, na mtoto aliyemo ndani ya nyumba yenu asiguswe na mtu! Mimi nilikuwa naitwa mama kila asubuhi, nikapanda basi kwenda Dar es Salaam kutafuta wa kuniita mama.