Pipa Lililojibu

Chanzo cha yote ni mbuzi mpenda chumvi. Jua lilikuwa linazama, fundi cherehani kaacha gauni la mtu kwenye mashine, sindano ingali kitambaani, akateremka mtoni kumtafuta. Alijua atamkuta wapi. Kwenye kile kiwanda cha ngozi kilichokufa kulikuwa na chumba ambamo ngozi mbichi zililazwa kwenye chumvi, na kuta zake ziliinyonya mpaka leo zinatoka jasho jeupe. Mbuzi wa mtaa mzima huzilamba.

Yeye alipachukia pale. Kiwanda kiliukuta mto una samaki, kikauacha una povu. Kiliwakuta wanaume na kucha zao, kikawaacha na vidole vilivyobabuka kama vimemwagiwa uji wa moto. Siku mto ulipofura ukabomoa ukuta wa chini, wenye mali walifungasha, wasiage hata paka. Mabati yakaibwa, popo wakahamia. Harufu tu ndiyo haikuondoka. Hakuna ngozi hata moja mle, na bado panavunda.

Na baba yake alipotelea humo.

"Katoroka na mwanamke." Ndivyo msimamizi alivyomwambia mama yake, kasimama mlangoni, filimbi shingoni. Mama akaamini. Akamlaani mumewe hadi pumzi ya mwisho, na binti akajifunza kulaani kutoka kwa mama.

Msimamizi huyo, watu walimwita Bwana Filimbi, sasa alikuwa mzee na mlinzi wa magofu. Kakaa langoni kwenye kiti kisicho na mgongo, filimbi ingali shingoni.

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Mbuzi wako kakutangulia. Tena yeye hakuninunia." Kisha akashusha sauti. "Mchukue utoke. Usiguse kitu. Kesho wanakuja wakata vyuma."

Mbuzi alikuwa mle chumbani, akilamba ukuta nyuma ya pipa.

Pipa lenyewe si la maji. La mbao, kubwa kama chumba, limefungwa pete za chuma, limelala kwa ubavu na lina mlango mdogo wa komeo. Zamani ngozi zilitiwa humo na dawa, likazungushwa na mitambo. Likiisha kumwagwa, mtu aliingia kulikwangua. Ndiyo maana palikuwa na desturi: kabla ya kulizungusha, aliye nje hugonga mara tatu. Kama kuna mtu ndani, naye hugonga tatu, afunguliwe. Kukiwa kimya, filimbi inalia, pipa linazunguka.

Baba alimfundisha mchezo huo kwenye ubao wa kitanda. Mtoto akigonga, baba hujibu. Mbili za haraka, ya tatu akiichelewesha makusudi, mpaka mtoto acheke.

Mbuzi akagoma kutoka. Akavutwa, akagoma. Hasira za miaka yote zikampanda fundi kichwani. Akaokota jiwe.

"Mla watu wewe," akaliambia pipa.

Ko. Ko. Ko.

Kimya. Maji ya mto. Popo.

Ko-ko...

...ko.

Mbuzi akachomoka mbio. Harufu ikapanda, mbichi, kama ngozi iliyochunwa leo.

"Baba?" akanong'ona.

"Mimi sikusikia kitu." Bwana Filimbi alikuwa nyuma yake.

"Sijakuuliza."

"Siku ile, nasema. Mitambo ilikuwa na kelele, mzigo unangojwa..."

Fundi akamgeukia taratibu. Maisha yake yote hakuna aliyewahi kumwambia kwamba siku ile kulikuwa na kitu cha kusikia.

"Nani yumo humu?"

"Panya, mwanangu."

"Basi ingia umtoe."

Mzee akatazama lile jiwe mkononi mwa fundi, ambalo hakuwa amelitupa. Akawasha tochi. Akafungua komeo, akajipenyeza akiguna.

Mlango ukajifunga. Komeo likateleza lenyewe.

Mitambo ilishaibwa, umeme ulishakatwa. Lakini pipa lilizunguka. Polepole... mara moja tu... likasimama.

Ndani kukagongwa. Tatu za haraka haraka, za mtu aliyeishiwa pumzi.

Kisha, kwa utulivu, kana kwamba kuna muda mwingi:

Ko-ko... ko.

Desturi ni desturi. Ukisikia, unafungua. Fundi akaweka mkono kwenye komeo. Akamkumbuka mama yake, aliyekufa na tusi mdomoni, tusi la mtu asiye na kosa.

Alifungua. Hakufungua upesi.

Tochi ilikuwa inawaka. Filimbi imelala, imelowa. Mzee hayumo, na pipa halina tundu jingine.

Asubuhi majirani walimjia fundi kumuuliza mlinzi kaenda wapi, maana yeye ndiye aliyeonekana huko jioni.

"Katoroka," akasema, akipitisha uzi sindanoni. "Nasikia kuna mwanamke."

Wakacheka, wakaenda zao.

Mchana mkata vyuma mmoja akapanda kutoka mtoni, kijasho kinamtoka. Akasimama mlangoni kwa fundi.

"Mama... lile pipa. Tumeligonga kidogo tu, tuone kama mbao zimeoza."

Fundi akasimamisha cherehani.

"Wamejibu wawili," akauliza, "au mmoja?"