Macho ya Mtemi Ngalaba

Zama magobori yalipoanza kunguruma bara, nchi ya Utembwe ilikuwa na desturi isiyovunjwa. Mtemi akisimikwa, sanamu yake huchongwa kwenye nguzo ya mninga langoni mwa boma, mkuki mkononi, ngozi ya chui begani, macho yamefumbwa. Siku afapo, kabla hajazikwa, mchongaji huja na patasi akayafumbua ili aendelee kuilinda nchi. Kuyafumbua mapema ni kumtakia mtemi kifo, na adhabu yake ilikuwa kifo vilevile.

Mchongaji wa Mtemi Ngalaba alikuwa Lugwisha, aliyechunga naye ng'ombe tangu utotoni. Sasa boma lilikuwa limezingirwa na majeshi ya Ugala. Kisima kilikuwa kimebaki tope, watu wanatafuna ngozi za ngao, na risasi ilikuwa imempiga mtemi tumboni. Alilazwa nyumbani mwake, akitetemeka kwa homa mchana wa jua kali.

"Lugwisha," alisema, "nikienda, usiniache kipofu."

"Mtemi wangu, nitayafumbua kwa mkono huu."

"Niapie."

Lugwisha akaapa kwa kaburi la mama yake. Jua halijapinda, Ngalaba akakata roho, na mchongaji akalia kwa kwikwi kama mtoto. Kisha akafuta uso, akachukua patasi.

Nyanzobe, dada wa marehemu, alimzuia mlangoni. Ndiye aliyekuwa akiongoza vita tangu kaka yake aanguke.

"Baba Lugwisha, iweke chini."

"Bibi, nimeapa!"

"Najua. Lakini vijana wetu wako ukutani wanaitazama ile sanamu. Wakiona macho yamefumbuka, mikuki itawaanguka mikononi. Nyuma ya boma tumetoboa njia miibani. Wanawake na watoto wanaanza kutoka sasa hivi. Nipe mpaka jua lizame."

"Na ahadi yangu je?"

"Aliye hai ndiye mwenye shida," alisema Nyanzobe. "Kaka yangu hatapigwa risasi tena. Wale watapigwa."

Lugwisha akaitazama patasi. Alimchukia Nyanzobe saa ile, akamchukia zaidi kwa kuwa alisema kweli. Akaichomeka kiunoni, akatoka, akaketi chini ya nguzo mbele ya watu wote, mikono mitupu.

"Mtemi yu hali gani?" vijana waliuliza kutoka ukutani.

"Tazameni macho yake," alijibu.

Wakayatazama. Wakapiga kelele za vita, wakarusha mikuki, na walipoishiwa mikuki wakarusha mawe. Huko nyuma akina mama walikuwa wakipita miibani, watoto wamezibwa vinywa. Lango lilivunjwa jua likigusa vilima. Nyanzobe aliuawa papo hapo. Lugwisha aliruka kuelekea kwenye sanamu, patasi mkononi, rungu likamshukia kabla hajaufikia uso. Alipozinduka, nguzo ilikuwa imeng'olewa.

Alizeekea uhamishoni, akichonga vinu na miiko. Huko ndiko ulikomfikia wimbo wa Waugala: Ngalaba, mtemi aliyelala, nchi ikiungua yeye amelala. Kila mwenye shaka alionyeshwa sanamu, na sanamu, kweli, ilikuwa imelala.

Mzee hakuvumilia. Alisafiri na mkongojo mpaka Ugala, akaikuta nguzo imesimikwa langoni mwa zizi la ng'ombe, begani pamepukutika kwa kusuguliwa na mafahali. Akampigia magoti mlinzi.

"Baba, niruhusu nimguse machoni tu. Hakulala huyu. Alikuwa amekwisha kufa, mimi ndiye niliyeficha."

Mlinzi alimsikiliza hadi mwisho, akacheka, lakini bila ubaya.

"Mzee, tukimfumbua macho, wimbo wetu tutauimbaje?"

Akampa maziwa, akamwonyesha njia ya kurudi. Lugwisha alifia njiani, patasi ikiwa kiunoni.

Wale watoto waliopita miibani walikua, wakazaa, na wajukuu wao wametapakaa nchi nzima. Harusini, ngoma ikikolea, nao huuimba wimbo ule wa mtemi aliyelala.