Bao Lililokataliwa Lawson Tama

"Shangazi, huo ni wangu!"

Sauti mbili zilitoka kwa pamoja, na mikono miwili ikashika kifurushi kimoja. Ulikuwa mkate wa mwisho wa muhogo, umepikwa kwa tui zito la nazi na kufungwa kwenye jani la mgomba, bado unatoa moshi. Soko kuu la Honiara lilikuwa limefurika asubuhi hiyo. Jodari waling'aa juu ya barafu, na wauza popoo walikuwa wakiitana kwa makelele kutoka meza hadi meza.

Rolinda Waiasi aliinua macho. Mbele yake alisimama kijana mrefu mwenye shati la maua mekundu na tabasamu la mtu aliyezoea kushangiliwa. Alimtambua mara moja. Nani Honiara asingemtambua Rexley Maelaua, mshambuliaji wa timu ya Vura?

"Gawaneni, wanangu," muuzaji alisema akicheka. "Mimi nataka kwenda nyumbani."

Wakagawana, wakakaa kwenye ukuta wa nyuma ya soko, miguu ikining'inia juu ya maji. Rexley alimtazama binti huyo, gauni lake la njano, nywele zake zilizotimka kwa upepo. Ghafla akaacha kutafuna.

"Hebu ngoja. Si wewe mshika kibendera? Uliyenikatalia bao mechi yetu dhidi ya Henderson!"

"Mabao mawili," Rolinda alimsahihisha. "Na la tatu nilikuonea huruma ukapiga nje mwenyewe."

Rexley alicheka mpaka akapaliwa na muhogo. Kabla ya kuachana alikuwa amekwisha kuomba namba ya simu.

Hivyo ndivyo mapenzi yao yalivyoanza. Simu zikawa haziishi.

"Mwamuzi wangu, umeamkaje?"

"Salama, mfungaji wa penati. Umekula?"

"Nitakulaje na wewe uko Naha, mimi niko Vura?"

"Kwa mdomo, kama watu wote."

Rolinda alijua kazi yake, kwa hiyo aliomba asipangiwe mechi za Vura, na msimu mzima hakupangiwa. Alikuwa akikaa kilimani, kwenye majani pembeni ya uwanja wa Lawson Tama, katikati ya mashabiki, akimwangalia mpenzi wake akifunga bao baada ya bao. Ikafika wiki ya mwisho ya ligi. Hudson Tepai wa timu ya Marine alikuwa amemaliza mechi zake na mabao kumi na tisa. Rexley alikuwa na kumi na manane. Hata wakilingana, kanuni ingempa Hudson, kwa sababu yeye hakuwa na bao la penati hata moja. Rexley alihitaji mabao mawili. Na safari hii Kiatu cha Dhahabu, tuzo ya mfungaji bora, kilikuwa na uzito zaidi, maana klabu moja ya Auckland ilikuwa imeahidi kumchukua atakayekishinda.

"Nikifunga mawili Jumamosi, naenda New Zealand," alimwambia kwenye simu.

"Basi naomba usifunge hata moja," Rolinda alijibu akicheka. "Nitabaki na nani mimi?"

Ulikuwa utani. Wote wawili walicheka.

Jumamosi hiyo asubuhi, mshika kibendera aliyepangiwa mechi ya Vura aliamka na malaria. Mzee Fakaia, mkuu wa waamuzi, akampigia Rolinda.

"Mzee, siwezi. Rexley ni mpenzi wangu."

"Binti yangu, kwenye mji huu nani hana mtu wake uwanjani? Mwamuzi wa kati ni shemeji wa kipa. Nikiondoa kila mwenye ndugu, mechi zitachezeshwa na mbuzi. Njoo, nakuamini."

Akaenda, moyo wake ukiwa mzito.

Rexley alifunga la kwanza kipindi cha kwanza. Kilima kizima kilisimama. Zikiwa zimebaki dakika chache, pasi ndefu ilipita katikati ya mabeki, Rexley akachomoka, akampiga chenga kipa na kuusukuma mpira wavuni. Watu walianza kukumbatiana. Kisha wakaona kibendera cha Rolinda kiko juu.

Alikuwa ameotea. Si kwa mengi, kwa bega na goti, lakini alikuwa ameotea. Rolinda hakukishusha kibendera. Matusi yakamshukia kutoka kilimani, kisha chupa. Moja ilimpiga mgongoni.

Baada ya mechi Rexley alimfuata mlangoni mwa uwanja, jasho likimtiririka, macho mekundu.

"Ulisema mwenyewe unaomba nisifunge. Hukutaka niende."

"Rexley, unanijua. Unaamini hivyo kweli?"

Aligeuka akaondoka, na kuanzia hapo simu ikanyamaza.

Rolinda hakumpigia. Alikwenda kazini, akarudi, akapika viazi, akala nusu. Dada yake alipomuuliza kulikoni, alisema amechoka tu. Kilichomuuma hakikuwa matusi ya kilimani. Kilimuuma kwamba mtu aliyemjua vizuri kuliko wote ndiye aliyemwona mdanganyifu.

Siku ya tuzo ikafika. Waamuzi wote walialikwa kwenye ukumbi wa hoteli ulioko ufukweni. Rolinda alivaa gauni la buluu, akachomeka ua jeupe sikioni na kukaa meza ya nyuma, karibu na mlango. Hudson Tepai akaitwa, akapokea Kiatu cha Dhahabu, akapigiwa makofi. Kisha mshereheshaji akamwita mshindi wa pili.

"Rexley Maelaua! Kiatu hiki kingekuwa chako, ndugu yangu, kama si kile kibendera!"

Ukumbi ukaangua kicheko. Rolinda alitamani ardhi ipasuke. Rexley, amevaa shati jeupe lililonyooshwa vizuri, akaomba kipaza sauti.

"Mnacheka, lakini niacheni niseme. Nilianza kukimbia kabla mpira haujapigwa. Niliijua miguu yangu. Kibendera kilipopanda, moyoni nilijua ni haki. Lakini kukosa kuliniuma, nikatafuta wa kumlaumu, nikamlaumu mtu asiyestahili kabisa." Akatazama meza ya nyuma. "Dada Rolinda, mbele ya watu wote hawa, nisamehe. Na asante. Ningeenda Auckland na bao lile, kila nikifunga huko ningejiona mwizi. Hudson, kaka, kiatu ni chako kwa haki. Nenda ukatuwakilishe."

Hudson alimkumbatia. Mtu wa kwanza kusimama kupiga makofi alikuwa mzee Fakaia, halafu ukumbi mzima ukamfuata. Rolinda alikuwa akijifuta machozi kwa kitambaa cha meza.

Walikutana nje, jua likiwa bado halijazama.

"Ulichoniambia kiliniumiza kuliko chupa," Rolinda alisema.

"Najua. Nilishika simu kila siku, nikaona aibu."

"Aibu yako imeniharibia chakula, Rexley. Nimekonda."

"Hujakonda."

"Usianze!" Lakini alikuwa ameshacheka. Kisha akavuta pumzi. "Nina habari. Mzee Fakaia ameniambia leo. Nimechaguliwa kuchezesha mashindano ya visiwa, Tahiti. Waliiona ile mechi."

Rexley alimkodolea macho, halafu akamnyanyua juu, akazunguka naye mpaka kiatu kimoja kikamtoka.

"Kumbe anayesafiri ni wewe! Namshukuru Mungu, mpenzi wangu. Namshukuru kweli." Akamweka chini taratibu, sauti ikapungua. "Rolinda, wajomba zangu wako tayari kuja kutoka kisiwa cha Malaita na shanga nyekundu za mahari. Nitasubiri urudi kutoka Tahiti, ndipo niwatume kwa baba yako. Utakubali?"

Rolinda aliokota kiatu chake, akakivaa huku amemshika bega.

"Hapana," alisema. "Waambie waje kabla sijaondoka."