Ufagio wa Gugu Karoti

"Toa cherehani hii barazani leo hii, wifi," Mama alisema. "Mtoto anakohoa wiki ya pili sasa. Ni pamba za vitambaa vyako."

Shangazi hakuondoa mguu kwenye pedali. "Nashona hapa tangu mwanao hajazaliwa. Leo ndiyo pamba zimeota sumu?"

"Kwa hiyo ni mimi ninayemkohoza?"

"Labda. Maneno yako yana vumbi."

Bwana shamba, aliyekuwa kwenye benchi akisubiri suruali yake ipunguzwe kiuno, aliinamisha uso akajifanya kukagua viatu vyake.

Uani, Chiriku aliacha kufagia. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na jina hilo alipewa kwa kuongea mno. Kutoka dirishani alimsikia mdogo wake mwenye pumu, kifua kikipiga miluzi kila akivuta pumzi.

"Sawa," Shangazi alisema, akaanza kufungua mkanda wa cherehani. "Nitafutieni mkokoteni. Nahama."

Chiriku alimpenda Shangazi. Ndiye aliyemfundisha kusoma, hapo hapo barazani. Alipanda ngazi, ufagio ukiwa mkononi.

"Mama, huenda si pamba." Alipandisha mikono ya sweta. Ngozi ilikuwa na vipele vyekundu hadi kwenye viwiko. "Ufagio wetu niliupoteza shuleni siku ya kufunga. Niliogopa kukwambia. Nikakata majani kando ya mfereji, nyuma ya choo, nikafunga huu. Tangu siku hiyo nawashwa. Na kila nikifagia, mdogo wangu anakohoa zaidi."

"Joto lote hili na sweta, nami sikuuliza," Mama alisema.

Bwana shamba alisimama. "Uweke chini polepole. Usiukung'ute." Aliinama bila kuugusa. "Majani yamechanika kama ya karoti. Vijiua vyeupe, vidogo kama vichwa vya pini. Hili ni gugu karoti. Si la kwetu, lilikuja kutoka mbali likajifanya mwenyeji. Chavua yake huwasha ngozi na kubana kifua. Na wewe umekuwa ukimrushia mdogo wako dirishani kila asubuhi."

Machozi yalimtoka Chiriku.

"Utalia baadaye," Mama alisema. "Kaoge kwa sabuni, ubadilishe nguo." Kisha akamgeukia Shangazi. "Wifi, acha huo mkanda. Nimekukosea. Nisamehe."

"Sema tena, cherehani haijasikia," Shangazi alijibu, lakini mkanda aliurudisha.

Mtoto alipelekwa kwa jirani pamoja na dawa yake ya kuvuta. Chiriku alikatazwa kusogea mferejini, kwa sababu ngozi yake ilikuwa imeshadhurika. Mama na Bwana shamba walivaa mikono mirefu, glavu za mpira, na barakoa alizoshona Shangazi papo hapo. Walimwagia udongo maji ulainike. Walikata maua kwanza, wakayatia ndani ya mfuko wa plastiki mbegu zisije zikamwagika, ndipo wakang'oa mashina na mizizi yake.

"Tuyachome?" Mama aliuliza.

"Hapana. Moshi wake utamrudisha mtoto kitandani." Walichimba shimo refu, wakafukia kila kitu, ufagio ukiwemo. Nguo walizovaa zilifuliwa peke yake.

Siku ya nne, miluzi ilikuwa imekoma. Mtoto alikuwa chini ya meza ya Shangazi akicheza na vifungo. Bwana shamba alipokuja kuchukua suruali yake, Mama alimpa mkono, akaushikilia.

"Asante. Umenirudishia mtoto, na wifi yangu pia." Kisha akamwita Chiriku. "Kupoteza ufagio si kosa kubwa. Kuficha ndiko kulikomnyima mdogo wako pumzi, na kidogo kumfukuze shangazi yako. Lakini ulisema mbele ya watu, ukijua nitakasirika. Nakushukuru, mwanangu. Siku nyingine sema mapema, na usikate mmea usioujua."

Chiriku alitazama chini. "Mama, basi niseme na hili. Kesho shule zinafunguliwa, kila mtu apeleke ufagio. Wenzangu wawili wa nyumba ya kona niliwafundisha kufunga kama wangu. Leo nimewaona na fagio za gugu hilo hilo."

Mama alichukua glavu, barakoa na mfuko mnene wa plastiki.

"Vaa viatu," alisema. "Utawaeleza wewe, nami nitazibeba fagio zao tukazifukie."

Wakatoka.