Shanga Nyekundu Hukaa Kwenye Kopo

Likizo ile, kila asubuhi kwetu Noonkopir ilianza vivyo hivyo. Nilifagia uwanja, nikawawekea kuku maji, kisha nikainamisha kichwa mbele ya nyanya yangu ili anishike utosini. Kwetu mtoto hamsalimu mkubwa kwa kupunga mkono kama anayeaga basi! Sote tulimwita Koko. Baada ya salamu alikaa mlangoni, akanyoosha miguu, akatandaza leso mapajani na kuanza kutengeneza bangili za waya na shanga.

Shanga zake zilikaa mahali pamoja siku zote. Kulia kwake palikuwa na kikombe cha bati chenye shanga nyeupe. Katikati kulikuwa na kopo la maziwa lenye nyekundu. Kushoto kilikaa kibuyu kidogo chenye kijani. Hakuna aliyeruhusiwa kuvigusa. Mama alizoea kusema kwamba hata paka wetu anaijua sheria hiyo.

Na alivyofanya kazi, jamani! Mkono wa kushoto ulishika waya, wa kulia ukachota shanga, na ncha ya waya ikaingia katika tundu ambalo mimi ningelikodolea macho ndipo nilipate. Koko hakutazama kabisa. Aliangalia barabarani, akiitikia salamu za wapita njia, huku midomo yake ikihesabu kimya kimya. Akigusa shanga yenye ukingo mbaya, aliitupa pembeni. Nilimtazama kinywa wazi. Nilidhani anajionyesha tu, na mimi nilitamani sana kujionyesha hivyo.

Jumanne Koko alienda kwenye maombi ya akina mama. Rafiki yangu Purity akaja kunitembelea.

"Hata mimi naweza kutunga shanga bila kuangalia," nikamwambia.

"Wewe Nailantei? Wacha uongo!"

"Ngoja uone."

Nilikaa palepale mlangoni, nikanyoosha miguu kama Koko na kufumba macho. Kabla sijashika hata waya, mguu wangu ulipiga kopo, kopo likaangusha kibuyu. Shanga nyekundu na kijani zikatapakaa sakafuni. Nilipofumbua macho, Purity alikuwa ameshafika langoni. Eti rafiki wa kufa na kuzikana!

Niliokota shanga zile kwa kidole nilicholowesha mate hadi mgongo ukaniuma. Nilizitenganisha vizuri, hakuna nyekundu hata moja iliyobaki kati ya kijani. Lakini kwa haraka nilizirudisha vibaya. Kijani nilizitia kwenye kopo, nyekundu kwenye kibuyu. Nilipogundua, Koko alikuwa tayari akigonga lango. Nikasema moyoni, si kitu, rangi zinaonekana. Koko akitupa jicho tu atajua.

Wiki hiyo Koko alikuwa na kazi kubwa. Binti yake, shangazi yangu Resian, alikuwa aolewe Jumamosi huko Kajiado, na wasichana kumi na wawili wa kumsindikiza walihitaji bangili. Shangazi alitaka rangi mbili tu, nyeupe na nyekundu. Jumatano jioni nilipita nikaona bangili sita zimetundikwa kwenye msumari. Palipostahili kuwa na nyekundu palikuwa na kijani.

Nikajiambia labda wamebadilisha mpango, na nani atamkosoa Koko katika kazi ya shanga? Nililala nikijua vizuri kwamba najidanganya.

Alhamisi mchana shangazi alifika kuchukua bangili zake.

"Takwenya, yeyo," alimsalimu mama yake.

"Iko," Koko aliitikia kwa furaha. "Ziko tayari zote. Fungua leso uone."

Shangazi alifungua, na tabasamu lake likapotea. "Mama, tulisema nyekundu. Hizi ni kijani."

"Kijani gani?" Koko aliinua bangili moja hadi karibu na pua, akaigeuza juani. "Nyekundu hii. Imetoka kwa kopo. Nyekundu hukaa kwa kopo."

Alikuwa ameshika kijani mkononi, chini ya jua kali, na hakuiona! Kumbe Koko hakuwa akijionyesha. Bangili zote alizokuwa akitengeneza alizitunga kwa vidole vitupu, kwa kuhesabu na kwa kukumbuka kila chombo kiko wapi. Nilitazama vidole vile vyenye mikunjo nikaona ni vya ajabu kuliko kitu chochote nilichowahi kuona. Na mimi ndiye niliyevidanganya.

Koko alichukua koleo lake la kukunjia waya, akaliweka mapajani mwa shangazi.

"Basi," akasema polepole. "Mikono yangu imezeeka, imeanza kunidanganya. Peleka kazi yako kwa mtu mwingine. Mimi na shanga tumemalizana."

Ningeweza kunyamaza. Hakuna aliyenishuku, na Purity asingethubutu kusema. Lakini Koko alikuwa ameficha mikono yake chini ya leso kana kwamba anaionea aibu. Hilo lilinishinda.

"Koko, si mikono yako!" nikalia. "Ni mimi! Nilimwaga shanga Jumanne, nikazirudisha vibaya. Na jana niliona bangili zimekosewa, nikanyamaza."

Koko alinigeukia. "Uliona jana?"

"Ndiyo, Koko."

"Ukaniacha niendelee."

Afadhali angenichapa.

Kisha alinyoosha mkono kwa shangazi. "Lete koleo langu. Nailantei, rudisha kila rangi kwake."

Tulianza upya saa ileile. Nilitoa kijani moja moja, Koko akatunga nyekundu, shangazi akakata waya mpya pale wa zamani ulipopinda vibaya. Kuna wakati shangazi alifungua kinywa kuuliza habari ya macho, Koko akamkatiza, "Wewe kata waya!"

Koko aliniruhusu nijaribu na mimi. "Funga macho. Usikimbilie tundu, acha kidole kilitafute." Nilijaribu, nikadondosha, nikajaribu tena. Baada ya muda nilihisi ncha ya waya ikipenya, nikapiga kelele kwa furaha. Ilikuwa shanga moja tu! Koko alikuwa ametunga maelfu.

Ijumaa adhuhuri bangili ya kumi na mbili ilikamilika, nyeupe na nyekundu, ncha zake zimekunjwa vizuri zisimchome mtu. Mama yangu alitoka jikoni kuja kuzitazama, akazisifu. Hapo ndipo Koko aliponiita nikae karibu naye.

"Kumwaga shanga si kosa kubwa," akasema. "Sisi sote tumezimwaga. Kosa lako ni kunyamaza mpaka nikailaumu mikono yangu. Ukiharibu kitu, sema siku hiyohiyo, kabla mtu mwingine hajabeba lawama yako. Umenisikia?"

"Nimesikia, Koko. Nisamehe."

"Nilikusamehe jana." Akavuta pumzi. "Na mimi je? Ninakufundisha kusema, na mimi mwenyewe nimenyamaza." Aligeuza uso kuelekea sauti ya mama yangu. "Miaka miwili sasa sioni vizuri. Niliogopa mtaninyang'anya waya, mniweke tu kwa kiti kama mgeni. Harusi ikiisha, Jumatatu, nipeleke kliniki ya macho."

Mama aliketi chini palepale mlangoni, machozi yakimlengalenga.

"Miaka miwili, Mama? Na hukutuambia?"

"Miwili," Koko akajibu. "Sasa nimesema."