Ukurasa Uliosema Dawa Ipo

Habari hii niliambiwa na mjukuu wangu Wawira, anayeniita cucu, yaani bibi, Jumamosi jioni, katika mavuno ya ndengu ya mwaka huu. Tulikuwa tukichambua ndengu mimi na yeye, kila mtu na ungo wake, lakini kokoto zilipita kwenye vidole vyake bila yeye kuziona. Nikamwambia, "Weka ungo chini, useme." Akasema. Mengine nilielezwa na Karambu, aliyefika baadaye. Nami nawaandikia ninyi wanafunzi kama nilivyosikia.

Wawira ana miaka kumi na mitatu. Kila Jumamosi akishachota maji na kufagia uwanja, hushuka hadi soko la Gakuria kumsaidia Karambu, mke wa mwanangu Kivuti. Karambu ni mtu wa Meru, kwenye baridi, aliyeletwa na ndoa huku kwetu Mbeere kwenye joto. Watu humwita Mama Munene kwa jina la mtoto wake. Ana duka la kompyuta. Huchapa barua, hutoa nakala za vitambulisho, na ndiye aliyetengeneza ukurasa wa nyoka kwenye mtandao, unaofunguliwa hata kwa simu.

Huku kwetu nyoka hawakosekani. Wakati wa mavuno hujificha chini ya mafungu ya ndengu, na dawa ya sumu haipatikani kila zahanati. Leo iko hapa, kesho imekwisha. Kwa hiyo wauguzi wa vituo sita huandika kwa simu kama dawa ipo au imeisha, na ukurasa wa Karambu hukusanya habari zao. Ukiumwa, unafungua ukurasa, unajua pa kukimbilia.

Taabu ni kwamba ukurasa ulikuwa mzito. Kila mtu alipoufungua, kompyuta ilianza kazi upya: iulize habari za vituo vyote sita, ipange kilicho karibu na kilicho mbali, kisha iandike ukurasa mzima tangu mstari wa kwanza. Watu wengi wakifungua kwa pamoja, mtu alingoja mpaka akachoka.

Kirimi, mwendesha boda boda wa pale sokoni, hakuacha kumtania Karambu. "Mama Munene, ukurasa wenu ni kobe! Nyoka ataniuma, aende zake, arudi aniume tena, na bado haujafunguka."

Wengine walicheka. Wawira aliona aibu. Kwenye chama cha kompyuta shuleni, mwalimu alikuwa amewaonyesha kwamba ukurasa unaweza kuandikwa mara moja, nakala yake ikawekwa tayari, na kila anayekuja akapewa nakala hiyo bila kompyuta kuanza upya. Akamweleza Karambu.

"Wazo ni zuri," Karambu alisema. "Lakini kuna namna ya kuliweka. Nakwenda Meru kununua vipuri. Ningoje nirudi, tufanye pamoja."

Wawira hakungoja. Alhamisi baada ya shule, Karambu akiwa Meru, aliketi mbele ya kompyuta na kuiamuru itengeneze nakala saa kumi na mbili kila asubuhi, na iitumie nakala hiyo mpaka asubuhi inayofuata. Ukurasa ukaanza kufunguka kufumba na kufumbua.

Ijumaa jioni Kirimi alipita akipiga mluzi. "Aisee! Leo si kobe tena, ni swara!"

Karambu, aliyekuwa ameshuka tu kutoka safari, akamuuliza Wawira, "Umefanya nini?"

"Nimepunguza picha tu, anti," Wawira alijibu. Aliogopa kukaripiwa kwa kutongoja.

Karambu alikuwa amechoka. Akamshika bega, akamsifu, asitazame zaidi.

Jumamosi hiyo, yapata saa tano, pikipiki ya Kirimi ilisimama mlangoni kwa vumbi. Nyuma yake alikuwa jirani yetu Mbae, amempakata binti yake Kajuju, mtoto wa miaka tisa. Mguu mmoja wa Kajuju ulikuwa umevimba hadi gotini, ngozi inang'aa, na kamba imekazwa juu ya goti. Alikuwa ameinua fungu la ndengu shambani, na chini yake alikuwa amelala kifutu, yule nyoka mnene asiyekimbia hata akisikia hatua za mtu.

"Wawira, dawa iko wapi leo?" Kirimi alipaza sauti bila kuzima pikipiki.

Karambu aliruka nje. "Baba Kajuju, nani amefunga hii kamba? Ifungue! Ukiukaza mguu hivi utauua kabla ya sumu." Akaifungua mwenyewe, akaufunga mguu kwenye kijiti kwa leso yake ili usitikisike. "Kajuju, tulia, mama. Usiucheze huo mguu."

Kajuju hakulia. Alikuwa akitazama mbele tu, na hilo ndilo lililomtisha Wawira kuliko kilio. Wawira akatazama ukurasa.

"Kamwiva!" akaita. "Dawa ipo Kamwiva!"

Pikipiki ikaondoka. Karambu akarudi ndani kwa mteja wake.

Hazikupita dakika kumi, simu ya duka ikalia. Alikuwa Mithika, muuguzi wa Kamwiva.

"Mama Munene yuko wapi?"

"Ana mteja. Mimi ni Wawira."

"Wawira, mbona ukurasa unasema dawa ipo kwangu? Chupa za mwisho nimezitumia alfajiri. Nimeandika imeisha tangu saa moja."

Nakala ilitengenezwa saa kumi na mbili. Mithika aliandika saa moja. Tangu hapo kila aliyefungua ukurasa alipewa maneno ya saa kumi na mbili.

Alikata simu, akaifuta ile nakala mbio mbio. Ukurasa ukajiandika upya. Kamwiva: imeisha. Ndurimo: ipo. Sasa ulisema kweli, na hakuna aliyeona.

"Nani huyo?" Karambu aliuliza bila kugeuka.

"Ni... mtu amekosea namba."

Hapo Wawira aliponisimulia aliusogeza ungo pembeni. Kisha akasema, "Cucu, nilidhani nikifuta nakala nimefuta kosa. Halafu nikakumbuka kwamba Kirimi akiwa barabarani hatazami ukurasa. Anakwenda na neno langu."

Alibaki amesimama pale, mkono juu ya meza. Aliogopa Karambu. Aliogopa Mbae. Aliogopa soko zima lingemwita muuaji. Lakini alipofumba macho aliuona ule mguu unaong'aa.

"Anti!" Sauti ilimtoka kwa nguvu hata mteja akashtuka. "Nimekudanganya. Sikupunguza picha. Niliweka nakala, na nakala ilikuwa ya zamani. Kamwiva hakuna dawa. Aliyepiga ni Mithika."

Karambu alimwacha mteja. Alichukua simu yake, akampigia Kirimi. Iliita mpaka ikakatika. Mtu aliye juu ya pikipiki hasikii. Simu ya Mbae ilikuwa imezimwa.

"Njia panda," Karambu akasema. "Mpigie Ntinyari. Upesi!"

Ntinyari huuza maembe pale barabara inapogawanyika, moja kwenda Kamwiva, nyingine Ndurimo. Vituo hivi viko mbali. Ukishika njia isiyo yako ni saa nzima kurudi. Wawira akapiga.

"Mama Ntinyari, ni Wawira wa dukani. Kirimi akipita msimamishe! Amembeba Kajuju, ameumwa na nyoka. Nilimwambia aende Kamwiva. Nilikosea mimi. Aende Ndurimo!"

"Ngoja, nasikia pikipiki." Simu ikabaki wazi. Wawira alisikia honi, makelele, sauti ya Ntinyari ikipaa. Kisha Ntinyari akarudi, anahema. "Si yeye. Huyu amebeba mbuzi, na amenitukana."

"Kirimi hajapita?"

"Sijui, mwanangu. Nilikuwa nimegeuka, napanga maembe."

Wawira aliishika simu kwa mikono miwili. Karambu alisimama nyuma yake. Mteja naye alisahau karatasi zake. Dakika moja ikapita. Mbili. Tatu. Kwenye simu kulikuwa na upepo tu na kuku wa mtu.

Kisha honi, tena ndefu. "Wee Kirimi! Simama! Simama nakwambia, nikanyage basi!" Ntinyari alikuwa amevua leso kiunoni, amesimama katikati ya barabara anaipunga. Kirimi alikuwa amechelewa kwa sababu Kajuju alitapika njiani, wakasimama kumfuta. Ndiyo bahati iliyowangoja.

"Wamegeuza!" Ntinyari alilia kwenye simu. "Wameshika ya Ndurimo!"

Karambu aliwapigia wauguzi wa Ndurimo wamngoje mtoto mlangoni. Wawira aliketi sakafuni.

Jioni, Wawira akiwa amekwisha kunisimulia, Karambu aliingia. Hata yeye alikuwa hajala. Kajuju alikuwa amepewa dawa, lakini hakuna aliyejua bado kama uvimbe ungesimama. Nikawamiminia chai, nikasema, "Mimi niliishia darasa la nne. Hebu nieleze, hiyo nakala ni kitu gani?"

Karambu akaigonga themosi yangu kwa kidole. "Ni hii, mama. Ukimpikia kila mgeni chai yake, wa kumi ataondoka na kiu. Kwa hiyo unapika mara moja, unatia humu. Wawira hakukosea kutaka themosi. Alikosea kutia kila kitu humo." Akamgeukia Wawira. "Majina ya vituo, njia za kufika, namna ya kumshika aliyeumwa, hayo hayabadiliki leo na kesho. Hayo tumeyaweka tayari. Lakini dawa ipo ama imeisha, hilo hubadilika saa yoyote. Sasa kompyuta inaliuliza upya kila mara, na kwa kuwa ni hilo tu, haichelewi. Na muuguzi akibadilisha hata hayo mengine, nakala ya zamani inatupwa hapo hapo, haingoji asubuhi."

"Bado ni swara?" nikauliza.

"Bado, mama. Lakini swara mwenye macho." Kisha akasema polepole, "Wawira, kompyuta ilisema uongo bila kujua. Wewe ulijua, mara mbili. Kurekebisha kosa peke yako gizani hakutoshi, kwa sababu aliyekwisha kupotoshwa yuko njiani. Huyo harudishwi na kitu kingine ila kuambiwa. Leo uliogopa na bado ukasema, na Kajuju amefika Ndurimo. Siku nyingine usingoje hata hizo dakika. Nami nina kosa langu. Nilikusifu kabla ya kutazama."

Wawira akainama. "Nitamwambia Baba Kajuju mwenyewe, anti."

Saa mbili Mbae alipiga simu. Wawira ndiye aliyeishika, akamwambia yote, machozi yakishuka hadi shingoni. Mbae alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Uvimbe umesimama. Amekunywa uji, sasa amelala. Nawe lala, mwanangu. Mengine tutayazungumza nikirudi."

Karambu akaenda kwake, na baada ya kitambo taa ya nyumba yao ikazimika. Wawira alilala kwangu. Kabla ya kupanda kitandani alikung'uta blanketi, akaniomba nipapase uvunguni kwa fimbo, mara mbili. Kisha akaufungua ukurasa mara ya mwisho. Ulifunguka mara moja. Ndurimo: imeisha, imeandikwa saa moja jioni.

"Cucu," akanong'ona, "chupa za mwisho ndizo alizopewa Kajuju. Hakuna nyingine."

"Kituo kinachofuata kiko wapi?"

Akanisomea. Kilikuwa mbali, lakini kilikuwepo, na saa yake ilikuwa ya usiku ule ule. Akaiweka simu chini ya mto, akanishika kidole kama alivyokuwa akifanya utotoni. Nilingoja mpaka pumzi yake ikawa nzito, kidole changu kikaachiwa. Ndipo na mimi nikalala.